Sauti Iliyobaki kwenye Kadi

"Hii usiikate wewe," alisema Bibi Faili, karani wa mafaili, akaifunika kadi kwa kiganja. "Nipe mimi."

Koleo alikuwa amekwisha vaa miwani ya kazi. Mbele yake palikuwa na bakuli la vumbi jeusi na vipande vya plastiki, mabaki ya asubuhi nzima. "Kwa nini? Ina nini?"

"Ni ya wifi yangu. Ya mkeo."

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya duka la dawa la hospitali, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuua kadi za kumbukumbu. Kule ghorofani, kwa daktari wa koo, kila mgonjwa aliyekuwa anangoja kupasuliwa aliwekwa mbele ya kinasa sauti akaambiwa azungumze. Azungumze chochote, ili daktari aisikie sauti ilivyo. Na watu, jamani, ukiwaambia wazungumze chochote huku kisu kinawangoja, wanatoa hata yale ya uvunguni. Faili likifungwa, kadi inashuka kwa Koleo. Kufuta hakutoshi, ukifuta, maneno yanabaki mle mle, na anayejua kuyatafuta atayapata. Kwa hiyo Koleo anakata, karani wa mafaili anakaa kando kushuhudia, kisha wote wawili wanatia sahihi.

Jina la Koleo alipewa na manesi, akalizoea, hata mkewe akawa anamwita hivyo. Mkewe naye mtaani aliitwa Redio, na si kwa ubaya. Alikuwa akicheka, jirani wa nyumba ya tatu anauliza kuna nini. Akigombana na muuza mkaa, mtaa mzima unajua bei ya mkaa. "Mke wangu, punguza sauti kidogo," Koleo alikuwa akimwambia, kila siku ya Mungu, miaka yote ile. Basi ikapungua. Ugonjwa ulimkaa kooni, madaktari wakaondoa kisanduku chote cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Tangu hapo nyumba ikawa kimya hata bomba likidondosha tone unalisikia. Koleo hakujisamehe kwa maneno yale, ingawa hakuna mume asiyeyasema.

"Nitaikata mwenyewe," alisema.

"Una hakika, kaka?"

"Nina hakika."

Bibi Faili alimhurumia mno, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi: aligeuza kiti akatazama dirishani. Mtu hakodolewi macho akizika. Koleo akachukua kadi nyingine, tupu, iliyokuwa imekataa kufanya kazi, akaikata. Kraa! Ya mkewe akaitia mfukoni mwa shati.

"Pole sana," alisema Bibi Faili, akatia sahihi bila kutazama ndani ya bakuli. Koleo aliona aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Alipotoka kazini alipitia kwa fundi simu, akaazima kifaa cha kusomea kadi na kipaza sauti kidogo. Hakusikiliza njiani. Alitaka wasikilize wote wawili.

Redio alikuwa jikoni anakata vitunguu, kitambaa cheupe kimefunika tundu lake la shingoni. Wana utaratibu wao: yeye husema kwa midomo, Koleo hurudia kwa sauti kile alichoelewa, na akikosea anapigwa kofi la bega.

"Mbona nimewahi?" Koleo alirudia. "Nimekuletea kitu. Acha kisu kwanza. Ukae."

Akaiweka kadi juu ya meza, polepole, akarudisha mkono.

"Sauti yako," alisema. "Ile iliyonaswa kwa daktari kabla ya upasuaji. Ipo yote humu."

Alikuwa ametegemea tabasamu. Redio alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Midomo ikaenda haraka, Koleo hakuelewa kitu. Ikaenda tena, taratibu.

"Kama nimesikiliza? Sijasikiliza. Haki ya Mungu, sijasikiliza hata neno."

Mkewe akamkazia macho, akaamini. Alimjua mumewe, uongo humtoa jasho. Kisha akagonga kifua chake mwenyewe kwa kidole, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu.

"Ni yako," alisema Koleo. "Najua ni yako. Ulimwambia mambo yako. Ulidhani unakufa."

Redio akatikisa kichwa kukubali.

"Mambo yananihusu mimi?"

Hapo mkewe alitazama pembeni. Siri ya mtungi muulize kata, na kata hii haikutaka kuulizwa. Koleo alihisi kitu kikimchoma, lakini si wivu wala hasira. Yangekuwa mabaya kiasi gani? Angeyameza yote, laiti angeyasikia kwa sauti ile.

"Basi tusisikilize yote," alisema. "Mwanzo tu. Ulipotaja jina, ulipokohoa, popote. Nisikie kidogo, kisha naikata mbele yako. Mke wangu, nakuomba. Nimeanza kusahau ilivyokuwa."

Redio akalia. Kilio cha mtu asiye na sauti ni mabega na machozi tu, na Koleo alishindwa kumtazama. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amekwisha chukua nyundo kwenye mfuko wa zana wa mumewe na kadi ipo sakafuni mlangoni. Pa! Pa! Kadi ikavunjika vipande viwili. Akaviokota, akavitupa kwenye ndoo ya taka, akakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kufagia. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Koleo aliinama juu ya ndoo. Maskini, alikuwa amepiga upande wa chini. Kwa kadi kubwa kama ile upande wa chini ni plastiki tupu. Kumbukumbu yenyewe imekaa juu, karibu na meno ya dhahabu yanayoingia kwenye mashine. Ndilo kosa la kila mtu asiyejua kazi. Kipande cha juu kilikuwa kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo. Fundi simu angekipata kile kilichomo.

Mkono wake ulikichukua kabla hajaamua. Mfukoni.

Walikula. Na hapa ndipo mambo yalipomharibikia, kwa sababu Redio alikuwa mwepesi. Tangu upasuaji hakuwa hivyo. Alimpakulia zaidi, akamnyang'anya kipande cha nyama akamrudishia, akamvuta sikio alipochelewa kuelewa utani wake. Kumbe mwanamke huyu alikuwa anatembea na mzigo wa maneno yale miezi yote hii, akihofia yako wapi, nani anayasikia. Sasa aliamini yamekufa. Kila alipomcheka, kipande kile kilimchoma Koleo kifuani.

Akapiga moyo konde, akakitoa, akakiweka kando ya sahani.

"Haijafa," alisema.

Redio hakuelewa.

"Umevunja pasipo kitu. Wewe uko hapa," akamwonyesha kwa ncha ya ukucha, "mzima. Nilikiokota. Nilitaka kukificha. Hata kazini nimemdanganya Bibi Faili, na kesho nitamwambia."

Alingoja kofi. Redio hakupiga. Alikaa akikitazama kipande kile, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu, na hasira iliyokuja usoni mwake ikapita ikaacha kitu kingine, huruma labda.

Koleo akaleta mkasi wa kukatia bati. Akampa. Mikono ya mkewe ilikuwa bado dhaifu kwa dawa, chuma hakikufunga. Basi Koleo akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mkewe, akapanga ncha mahali penyewe, pale anapopajua yeye.

"Hapa," alisema. "Ukiwa tayari."

Redio akabana. Koleo akabana. Kraa. Wakakata tena kwa upande, na tena, mpaka kukawa na chembe nyeusi juu ya meza zisizoweza kumwambia mtu yeyote kitu. Koleo alizikusanya kwa kiganja. Ilimuuma, ilimuuma kuliko siku ya upasuaji wenyewe, kwa sababu siku ile ni wengine walioshika kisu.

Mkewe hakuondoka mikononi mwake. Aliegemea nyuma, uzito wake wote, kichwa begani. Chini ya kidevu cha Koleo kitambaa cheupe kilikuwa kinapanda na kushuka, na hewa inatoka pale shingoni, inaingia, inatoka, na kimlio chembamba ambacho hakuwahi kukitilia maanani. Akainamisha sikio. Nje mtu alibisha hodi. Koleo hakuitika, alizuia pumzi yake mwenyewe asije akakipoteza.