Mwandiko wa Isihaka

Bi Mwamini alipiga simu Jumanne saa nne asubuhi, Jenifa akiwa masjala, mikono imejaa mafaili ya watumishi wanaosubiri uhamisho. Namba hakuitambua. Sauti aliitambua kabla salamu haijaisha.

"Mwanangu, mimi mama yake Isihaka, wa Vihingo. Umenisahau."

"Sijakusahau, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Zile kaseti za gemu za mwanangu, unazo bado?"

"Ninazo."

"Zote?"

"Nadhani zote."

Bibi akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka. Mjukuu wake Sikudhani, yule aliyebaki tumboni baba yake alipofariki, sasa yuko darasa la nne. Kila anayemfahamu marehemu akiona daftari la mtoto anasema, huyu kachukua mwandiko wa baba yake. Mtoto ameyasikia maneno hayo mpaka yamemkaa kichwani. Anataka auone huo mwandiko.

"Madaftari yake je, mama? Ya shule?"

"Nilifungia karanga. Mwaka ule nilikuwa nauza karanga, karatasi nilikuwa nachukua popote. Zimebaki kaseti zako tu. Si unakumbuka aliandika jina kila moja, kwa rangi ya kucha? Njoo nazo Jumamosi azione. Azione tu, hatukunyang'anyi."

"Nitakuja, mama," Jenifa alisema, akakata simu, akakaa juu ya boksi la mafaili kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Alikumbuka vizuri sana yale maandishi. Alikuwa ameyafuta yeye mwenyewe, moja baada ya jingine.

Jenifa alianza kukusanya kaseti za gemu akiwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa diploma. Watu wanaokusanya vitu hawaanzi na akili, wanaanza na njaa, na njaa yake ilikuwa ya idadi. Kaseti yoyote, yale mabonge ya plastiki ya njano ambayo watoto wa zamani walikuwa wakiyachomeka kwenye mashine na kucheza kwenye televisheni, alinunua. Zilizokufa alinunua. Zenye gemu analo tayari alinunua. Mabanda ya gemu yalikuwa yanafungwa kila mahali, vijana wamehamia kwenye simu, na Jenifa alikuwa anayafuata kama kunguru anavyofuata mkulima. Katika kundi la WhatsApp la wakusanyaji walikuwa wanaulizana swali moja: umefikisha ngapi?

Baadaye njaa ikageuka. Swali likawa: ina hali gani? Wote wakashikwa na ugonjwa wa usafi. Kaseti iwe haina mkwaruzo, stika yake haijachanika, na jina la mtu lisiwepo. Jenifa ndiye aliyetunga msemo uliopendwa na kundi zima, kwamba kaseti iliyoandikwa ni kaseti iliyoumwa na mbwa. Ndani ya msimu huo ndipo aliposikia kuwa kuna mama Vihingo amefiwa na mwanawe mwenye banda la gemu Kisarawe mjini. Akaenda, akatoa pole, akarudi kwake Kibaha na katoni.

Kaseti arobaini na mbili. Kila moja imeandikwa "Isihaka" kwa rangi nyekundu ya kucha, herufi nyembamba, zimechorwa kwa njiti ya kiberiti. Jenifa alinunua pamba na asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Wiki mbili mfululizo, akitoka kazini, alikaa barazani akifuta. Hakupiga picha hata moja. Nani apige picha ya uchafu?

Halafu akamzaa Ipyana, na mtoto huyo hakuwa na habari na usafi. Akiwa na miaka minne alichomoa kaseti kabatini, akaichomeka kwenye mashine, akamwambia mama yake, "Cheza na mimi." Wakacheza. Tangu siku hiyo Jenifa alianza kugawa na kubadilishana, akibakiza zile ambazo yeye na mwanawe wanazicheza. Kundi nalo lilikuwa limezeeka pamoja naye. Siku hizi mtu akituma picha ya kaseti, watu wanauliza, hii ulicheza na nani?

Za Isihaka hakuzigawa. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu alizitolea jasho.

Jioni hiyo alizitandaza zote sebuleni, akazigeuza moja moja chini ya taa ya simu. Mumewe Eliya alikuja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni.

"Unatafuta nini, Mama Ipyana?"

Akamweleza. Eliya akanywa chai, akafikiri.

"Rangi nyekundu ipo duka la hapo nje. Njiti tunazo. Andika mwenyewe. Mtoto atajuaje?"

"Mtoto hatajua. Bibi yake atajua."

"Kwa macho ya uzee?"

"Baba Ipyana, nenda kanywee chai nje."

Akaenda, lakini alirudi baada ya muda na kuketi sakafuni, akaanza naye kugeuza kaseti. Waligeuza mpaka ya mwisho. Hakuna hata doa. Jenifa alikuwa mtu wa kazi nzuri, hilo halina ubishi.

Eliya ndiye aliyehesabu. "Hizi ni arobaini na moja."

Hapo ndipo alipokumbuka. Moja ilikuwa gemu la vifaru vya vita, na gemu la vifaru alikuwa nalo tayari, hivyo alimpa Abdulkadiri wa Kwala hata kabla hajanunua pamba. Akampigia palepale.

"Ile ya vifaru niliyokupa miaka ile. Uliisafisha?"

"Dada Jenifa, hata salamu?"

"Habari za nyumbani. Uliisafisha?"

"Nilitaka kuisafisha. Nikaona uvivu. Ipo kwenye mfuko wake, kama ulivyonipa."

Jenifa alifumba macho. "Ina jina?"

"Ina jina, ina na maneno mengine nyuma. Kwani vipi? Si wewe uliyetufundisha habari za mbwa?"

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akaenda Kwala. Abdulkadiri alikuwa karani kwenye ofisi moja ya mizigo huko, mwanamume mpole mwenye tumbo dogo, ambaye maishani mwake hajawahi kucheza gemu lolote analolimiliki. Kila kitu chake kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wenye namba. Alimpokea kibandani kwa mama lishe, kaseti akiwa ameiweka juu ya kitambaa safi kama mtu anayeuza dhahabu.

"Nikwambie ukweli," alisema, "hii hainipi raha, lakini ikitoka namba kumi na saba inabaki wazi. Utanipa nini?"

Jenifa alimweleza ya Bi Mwamini na mjukuu. Abdulkadiri alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga.

"Inasikitisha sana, dada yangu. Sasa utanipa nini?"

Jenifa alikuwa anamfahamu. Alifungua begi akatoa boksi lake, kaseti ya mbio za magari ikiwa na boksi na kijitabu chake, karatasi ya ndani haijakunjwa. Alikuwa ameitafuta miaka saba. Katika kundi zima ilikuwa moja tu, na watu wasiomjua kwa sura walikuwa wakimwita yule dada mwenye boksi.

Abdulkadiri hakuigusa mara moja. Alifuta mikono kwa leso kwanza.

"Una uhakika?"

"Chukua kabla sijawa na akili."

"Siiuzi," alisema. "Wallahi. Ukitaka kuiona, njoo uione."

Jenifa alicheka kwa uchungu, kwa sababu ndivyo bibi wa Vihingo alivyokuwa amemwambia, azione tu. Alirudi nyumbani na kaseti moja ya kawaida ambayo mtu mwingine asingeiokota barabarani. Hakuitoa kwenye mfuko. Aliona si yeye wa kuisoma kwanza.

Jumamosi Eliya aliazima pikipiki. Walipita Mlandizi, wakaingia barabara ya vumbi kuelekea upande wa Kisarawe, mashine ya gemu ikiwa kwenye begi mgongoni mwa Jenifa, katoni imefungwa nyuma kwa mpira. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Kuna sentensi aliipenda, ilikuwa na "kwa bahati mbaya" ndani yake. Walipofika aliitupa. Pale hapakuwa na bahati. Palikuwa na pamba na asetoni.

Bi Mwamini alikuwa amefagia uwanja na kutandika mkeka mpya. Sikudhani alisalimia, shikamoo mama, shikamoo baba, akakaa kando ya bibi yake na daftari mapajani, kalamu sikioni, kama karani anayesubiri kuapishwa. Eliya alijitia kukagua mnyororo wa pikipiki.

"Mama," Jenifa alisema kabla hajaketi vizuri, "nina jambo baya la kusema, nalisema mbele ya mtoto kwa sababu linamhusu. Yale majina niliyafuta. Kaseti arobaini na moja. Nilitaka ziwe safi, ziwe na thamani. Nilikaa wiki mbili nikamfuta mwanao kwa pamba, na sikuwaza hata mara moja kwamba ni mwandiko wa mtu."

Sikudhani alimtazama bibi yake. Bi Mwamini alikuwa anaitazama katoni. Alinyoosha mkono, akachukua kaseti moja, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba pale jina lilipokuwa.

"Zinang'aa," alisema.

"Nisamehe, mama."

Kuku alipita juu ya mkeka mpya na hakuna aliyemfukuza.

"Isihaka alipofariki," Bi Mwamini alisema hatimaye, "shati lake lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Alilivaa siku moja kabla homa haijamlaza. Watu wanakuja msibani, nami sitaki waone nguo chafu. Nikalifua. Nikalianika, nikalipiga pasi. Arobaini ilipopita nikalitafuta nilinuse. Likanuka sabuni." Aliirudisha kaseti kwenye katoni, akaiweka sawa na wenzake. "Mimi mama yake. Nitakulaumu wewe mpita njia?"

Jenifa alikuwa mwanamke asiyelia hovyo. Alipekua begi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoa mfuko wenye namba kumi na saba.

"Imebaki hii moja. Sikuifuta kwa sababu sikuwa nayo. Sikudhani, njoo uisome wewe."

Mtoto alifuta mikono kwenye gauni. Aliitoa kaseti taratibu, akaigeuza kwenye mwanga. Nyekundu ilikuwa imefifia lakini haijakatika popote. Alifungua daftari lake, akaiweka kaseti pembeni ya ukurasa, akaandika kwa kalamu "Isihaka", kisha akainama akalinganisha.

"K yake inatupa mguu," alisema.

Jenifa na bibi nao wakainama. Ni kweli, ile k ilikuwa imetupa mguu mbele kama mtu anayetaka kukimbia, na ya daftarini vilevile.

"Mwalimu huwa ananikata hii," Sikudhani alisema. "Anasema mguu mrefu."

"Mwambie ni wa ukoo," Eliya akadakia kutoka kwenye pikipiki.

"Geuza nyuma," Jenifa alisema. "Kuna maneno mengine."

Mtoto akageuza, akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno. "Ukiiba, namwambia mama yako."

Pengine alikuwa anatarajia wosia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaziba mdomo kwa daftari, kicheko kikampita pembeni. Bi Mwamini naye akashikwa, akacheka mpaka akafungua khanga akajifuta macho.

"Na alikuwa anakwenda kweli," alisema. "Anapiga hodi, anaamkia vizuri, shikamoo mama, mwanao ana kaseti yangu. Wanawake wa Kisarawe walikuwa wakimwona anakuja wanaanza kupekua mifuko ya watoto."

"Ni yako," Jenifa alimwambia Sikudhani. "Siyo ya kuona tu. Na hizi nyingine nazo, zimekuja kwenu."

"Mwanangu, wewe utabaki na nini?" bibi aliuliza.

"Nina kabati zima, mama. Nina na mtoto anayenishinda kila gemu."

Sikudhani alikuwa bado ameishika kaseti kwa mikono miwili. "Hii inachezwaje?"

Waliingia ndani. Televisheni ya Bi Mwamini ilikuwa ya kizamani, jambo lililomfurahisha Jenifa kuliko samani zote za nyumba ile, kwani nyaya ziliingia bila ubishi. Aliwasha. Kioo kikawa cheupe, kikatetemeka, kikabaki na mistari. Akazima, akawasha tena. Mistari.

"Imekufa?" Sikudhani aliuliza, sauti imeshuka.

"Haijafa. Imekaa muda mrefu." Jenifa akaichomoa, akapeleka mkono kwenye begi, ambamo hukaa kijiti chake cha pamba na chupa ndogo ya spiriti.

"Mwanangu alikuwa anaipuliza," Bi Mwamini alisema. "Alikuwa anaishika hivi, anaipuliza kwa nguvu, fuuu, halafu anaigonga pajani."

Kila mtu katika kundi la Jenifa anajua kuwa kaseti haipulizwi. Mate yanaingia kwenye meno ya shaba, yanaleta kutu, na kutu haitoki. Yeye mwenyewe amewafokea watu wazima kwa kosa hilo. Aliuacha mkono begini kidogo, kisha akautoa mtupu, akampa mtoto kaseti.

Sikudhani alivuta pumzi, mashavu yakajaa, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Akaigonga pajani mara mbili, akaichomeka. Jenifa akawasha.

Muziki wa vifaru ukaanza, ule wa haraka na wa kijinga, na Bi Mwamini, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatafuta pa kukaa.