Samiha wa Mfungo Sita

Saleha alikuwa anageuza kikaangoni kibibi cha mwisho cha kuuza wakati mwanawe, Samiha, alipomwonyesha simu. Ombi la kazi limekwama: tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti hailingani na ya kitambulisho. Mwisho wa kurekebisha ni leo saa kumi. Saleha akazima jiko, akajitanda khanga, wakatoka Makorora kwa miguu kwenda ofisi ya vyeti.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya ofisi hiyohiyo, karani wa vizazi na vifo. Samiha aliisomea miaka miwili, kwa pesa ya vibibi vya mama yake.

Kosa lilianza mwaka juzi, kadi ya kliniki ilipoliwa na mchwa na Saleha akaenda kuandikisha cheti. Akaulizwa mtoto kazaliwa lini, akajibu kama ambavyo mama yake angejibu: mwezi kumi na mbili Mfungo Sita, siku ya Maulidi. Pwani hii miezi huhesabiwa tangu Ramadhani kwisha, na mwezi kumi na mbili ndiyo siku yake ya kumi na mbili, nani asiyejua? Karani hakujua. Kaandika tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita. Juni! Na Maulidi ya mwaka ule yaliangukia Mei, kama kitambulisho kinavyosema. Cheti kikalala sandukuni, hakuna aliyekitazama.

Enzi za Mzee Mwinyijuma, karani wa zamani, lisingetokea hilo. Ukutani kwake zilining'inia kalenda mbili, ya serikali na ya msikiti. Ukimtajia Mfungo Sita anapekua, huku anakuuliza hali ya mkweo. Anastazia wa mkongeni alipokwenda kusema mwanawe kazaliwa Jumapili ya Matawi, mzee hakumshangaa, alitafuta tarehe akaandika. Mbondei alisalimiwa kwa Kibondei. Ulikuwa ukienda pale kama unakwenda kwa mjomba, na Saleha anaukumbuka mpaka leo mlio wa kalamu yake. Alistaafu, kalenda zikaondoka naye.

Sasa wako watano, vijana wenye adabu zao, wote wamepangiwa kutoka mbali. Kosa si lao. Lakini Tanga nzima hii, jamani, hakupatikana hata mmoja?

Aliyekuwa mezani, Robert, alisimama akampa Saleha shikamoo yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mfungo ndiyo nini, mama?"

Saleha akaeleza. Robert akawauliza wenzake wanne, nao hawakujua. Basi akasema kwa upole kwamba hana la kufanya: kinatakiwa kiapo cha mahakama, kisha faili liende mkoani, wiki sita au zaidi. Saleha akakaa kwenye benchi na mwanawe, saa ya ukutani ikiwa inaelekea tisa.

Akaja Bi Semeni wa Ngamiani, kizuka bado ndani ya eda, kaletwa na mdogo wake kuandikisha kifo cha mumewe. Kafa lini? Mwezi kumi Mfungo Tisa. Robert, kwa mazoea, akainama kuandika Septemba.

"Si Septemba, kaka," Samiha akasema kutoka kwenye benchi. "Ni Desemba, mwezi uliopita."

Robert akafuta. Akamtazama msichana, akavuta kiti kando yake, akamwomba akae. Samiha akakaa. Watu wakaja, wakasema miezi yao, naye akaigeuza mmoja baada ya mwingine, na aliyetoka Mkwaja Samiha akamsalimia kwa maneno ya kwao. Saleha akamtazama mwanawe pale mezani, machozi yakamlenga. Kwa muda ilikuwa kama zamani.

Saa kumi ikagonga, na mwisho wa ombi ukapita. Robert akafunga daftari, akamshukuru sana, kwa moyo kabisa.

"Kesho utakuja tena, dada?"

Samiha akasimama, akakirudisha kiti mahali pake.

"Mimi ni wa Mei, kaka. Nyinyi msubirini yule wa Juni mliyemwandika."

Akamshika mama yake mkono, wakatoka.