Kirusi cha Askofu

Kuku wa Ansbert walipinda shingo wakaanza kufa, kumi na wawili kwa siku tatu, naye hakumtafuta mchawi mbali. Alikuwa Adelina, nesi mstaafu, jirani yake hapo Madale, ambaye kuku wake walikuwa wakipenya chini ya uzio kuja kudokoa pumba. Kwenye sala ya jumuiya Ansbert alifumba macho akamwombea kwa sauti "jirani anayetuletea mapigo." Wote walijua nani anasemwa. Adelina akaitikia "Amina" kuwashinda wote.

Wiki iliyofuata wakafa kuku wa Adelina. Ansbert akaona mbingu zinafanya kazi.

Ndipo akaja Lusungu, binti mtafiti wa magonjwa ya mifugo, na vichupa vyake. Alichukua ute wa kuku wa nyumba zote mbili midomoni, kisha, Ansbert akitazama kando, matakoni. Hakumwacha hata Askofu, jogoo mgeni wa Ansbert kutoka sokoni, aliyepewa jina hilo kwa ukubwa wa kilemba chake.

"Kirusi kina maandishi ndani yake, vinasaba," Lusungu alieleza. "Kikizaliana kinakoseaga herufi. Tukiyafuata makosa, tunaona kimepita wapi."

"Basi yafuate mpaka kwa Adelina."

Baada ya wiki tatu alirudi na karatasi.

"Shikamoo mzee. Ni kideri. Kirusi cha Askofu ni kilekile tulichokikuta kwa kuku wa sokoni. Cha kuku wako wagonjwa kina kosa moja jipya. Cha kuku wa Mama Adelina kina kosa hilohilo, na jingine juu yake."

"Kwa hiyo?"

"Kimetoka kwako kwenda kwake. Askofu mwenyewe haumwi. Anajisaidia tu virusi kila kona."

Ansbert akachukua kisu. Jogoo akachinjwa na kufukiwa, bila supu, naye akaenda kugonga kwa Adelina.

"Dada, kuku wako wameuawa na wangu. Nimekusingizia, tena mbele ya Mungu."

"Mungu alikuwa anajua," alisema Adelina. "Wasiojua ni wanajumuiya."

Alhamisi, kwenye sala ya jumuiya, Ansbert alisimama akaungama, macho sakafuni.

"Ongeza sauti, huku hatusikii!" alisema Adelina, aliyekaa kiti cha mbele kabisa.

Jumamosi Lusungu aliwaletea chanjo ya matone. Wakapita nyumba kwa nyumba, Adelina akiwadondoshea kuku machoni, Ansbert akikimbiza na kukamata. Kufika jioni mikono yake yote ilikuwa imedonolewa, na nesi hakumpa hata plasta.