Chupa Nyuma ya Jokofu

Majirani walimbandika jina la Daktari wa Marehemu, maana kompyuta alizokusanya zilikuwa za enzi za babu: masanduku mazito yenye vioo vilivyobinuka, kibodi zikipiga kelele kama taipureta. Aliziokota kwenye ofisi zilizohama, akakijaza chumba cha uani, akawa anazifufua moja moja. Mkewe alilalamika kwa utani tu. "Mimi mke wa pili," alisema. "Bi mkubwa yuko uani, na hata kanga haombi."

Baba yake Daktari, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe, ndiye aliyekuwa upande wake. Kila asubuhi alichungulia mlangoni.

"Mgonjwa kaamka?"

"Bado, Baba. Kapasita, vile vikopo vya umeme, zimevuja, zimeila bodi."

"Mvumilie. Mzee haharakishwi."

Wiki ile Daktari alikuwa na mashine iliyogeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Plastiki ya namna hiyo hupakwa dawa kali ya maji, isiyo na rangi, kisha ikaanikwa juani mpaka irudi nyeupe. Dawa yenyewe haipendi joto, basi iliyobaki akaimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaisukuma nyuma kabisa ya jokofu. Alikusudia kuiandika jina. Simu ikaita, akasahau.

Mchana, jua likiwaka, mkewe alisikia glasi ikivunjika jikoni. Alimkuta mkwewe sakafuni, mkono kooni, povu jeupe likimtoka mdomoni.

"Mume wangu, njoo! Baba kanywa nini?"

Daktari aliiona chupa mezani, akaitambua.

Hospitalini mganga alimtaka aeleze. Akaeleza: dawa, chupa, jokofu.

"Kwenye jokofu la chakula?"

Koo la mzee lilikuwa limeungua. Alilazwa, akawa analishwa kwa mpira. Mke wa Daktari hakufoka, na heri angefoka. Alisema tu, pale kwenye benchi la korido, "Sasa hivi tungekuwa tunatafuta sanda."

Mzee alipona, sauti ikabaki ya kukwaruza. Siku aliyorudi nyumbani alikuta mashine zinapakiwa kwenye gari la mkusanyaji mwenzake Daktari.

"Zinakwenda wapi?"

"Zinaondoka, Baba."

"Mimi sijakuambia uzitoe."

"Najua. Lakini nikishika bisibisi siioni kompyuta, nakuona wewe pale sakafuni."

Mzee alitaka kusema neno, kikohozi kikamkatiza. Akampiga mwanawe begani, akaingia ndani.

Wakati wa chakula Daktari alimmiminia maji. Mzee akaipokea glasi, akaisogeza puani, akanusa. Alipogundua anatazamwa aliona haya, akayanywa yote kwa mkupuo.

"Maji mazuri," alisema.

Daktari aliinuka kama anayefuata chumvi jikoni. Mkewe alimfuata, akamkuta ameegemea ukuta, uso ameuficha kwenye kiwiko. Alisimama naye hapo mpaka mzee alipowaita kwamba chakula kinapoa.