Zamu ya Kiti

Pale maktabani mkutubi mkuu walimbandika jina Bi Shii, maana hilo ndilo neno lililomtoka kutwa nzima: shii! Na mwenzenu alikuwa na mtu wake, msione vile. Mwandishi mmoja tu, marehemu aliyeacha riwaya tisa, alimkaa moyoni tangu usichana. Kila chapa ya kila kitabu chake anayo. Gazeti likimtaja hata mstari mmoja, Bi Shii anakata, anaweka. Nyumbani kwake kuna viti viwili: kimoja anakalia yeye, kingine yamekalia magazeti ya mwandishi.

Mume hakuwahi kuwa naye. Ndiyo maana kila asubuhi fundi wa kujalidi vitabu, brashi ya gundi mkononi, alimpokea kwa utani uleule wa kumwozesha yule mwandishi: "Shemeji hajambo?"

Bi Shii anabinua mdomo, anapita zake.

Sasa sikia balaa. Siku moja alikwenda kazini na nakala yake mwenyewe ya riwaya ya tatu, jalada limelegea kwa kusomwa, pembeni mwa kila ukurasa kajaza maneno yake ya penseli. Alitaka kuilinganisha na ya maktaba. Kurudi nyumbani, kufungua mkoba, lo! Kabeba ya maktaba! Usiku ule aligaagaa tu kitandani. Yote aliyoyawaza kuhusu kile kitabu tangu ujana yalikuwa kwenye ile penseli, wala hakuyaandika mahali pengine.

"Ile iliyokuwa mezani?" karani akamwambia asubuhi. "Si nilimwazima daktari wa meno jana ileile!"

Jioni Bi Shii huyo, mbio mbio mpaka kwa daktari. Hajabisha hodi, anasikia vicheko dirishani. Mke wa daktari akamfungulia, machozi yanamtoka.

"Karibu, mama, umetukuta tunaumwa mbavu! Hebu kaa usikie. Mimi mzee, huyu hapa ndiye kiti."

Ukurasa wenyewe Bi Shii alikuwa nao kichwani neno kwa neno. Mzee mjane anaamka gizani, anagombana na kiti cha marehemu mkewe. Akifika hapo, yeye hulia. Kila mara.

"Nimekwambia usogee!" mke akanguruma.

"Sisogei ng'o! Nyumba hii yangu pia," daktari akajibu kwa kisauti chembamba, kajishika kiuno. Wote wawili wakaangukiana kwenye kochi.

"Halafu kuna huyu wa penseli," daktari akasema akijifuta macho. "Kaandika hapa: 'Moyo wake umevunjika.' Moyo gani tena, jamani? Kidole! Mtu kajigonga kidole gumba cha mguu!"

"Mwache mwenzio," mke akasema. "Labda alisoma peke yake."

Bi Shii alikuwa na maneno yake tayari mdomoni: hicho ni changu, nipeni. Akayameza. Kwa mara ya kwanza alikiona kile kidole, kimevimba, na mzee anarukaruka gizani kwa mguu mmoja.

"Umekifuata kitabu?" mke akauliza. "Hata nusu hatujafika!"

"Hapana. Nimekuja kuwaambia mkae nacho tu. Hakuna anayekingoja."

Nyumbani akaketi, akafungua ile nakala ya maktaba, akasoma kwa sauti. "Nimekwambia usogee!" Sauti ikamtoka kavu, kama ya kunyamazisha watoto. Akasita, maana sasa ilikuwa zamu ya kiti. Akakitazama kile cha pili, na magazeti yake mpaka begani. Kimya. Akainuka, akayabeba magazeti mafungu mafungu, akayapanga chini ukutani.

Asubuhi fundi na brashi yake: "Shemeji hajambo?"

"Hajambo," Bi Shii akasema. "Anawakaribisha jioni, wewe na mama watoto. Mje tusome."

Brashi nusura imponyoke. "Leo? Aa, dada, leo tuna wageni. Siku nyingine, haki ya Mungu."

"Haya. Siku nyingine."

Jioni akarudi, akawasha taa. Kiti kilikuwa kitupu vilevile. Magazeti hakuyarudisha.