Kalibu ya Nane Haijakauka

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji: sanamu ya nane itakula mtu. Aliyeyasema alikaza macho kwenye ndoo yake, lakini wote pale walijua ni mtoto wa nani anayejifunza kazi kwenye karakana ya sanamu. Mama mtu, naye yumo kwenye foleni, akajichekesha. Alipofika nyumbani mboga ikamwungulia jikoni, na usingizi ukampaa siku mbili.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa na mwaka wa pili akijifunza kuyeyusha shaba na bati. Sanamu yenyewe ni mwanamke aliyesimama, kimo chake kama mkono wa mtu mzima, anajifunga kilemba. Zilitakiwa nane tu, kila moja na namba yake kisiginoni, kisha umbo la kwanza livunjwe, ya tisa isipatikane kamwe. Saba zilishatoka salama. Kwa desturi ya karakana ile, ya mwisho humiminwa na mwanafunzi, fundi akisimama kando, mikono nyuma. Binti aliingoja siku hiyo kama bibi harusi.

Siku ilipofika, mama alivumilia mpaka saa nne asubuhi. Akajitanda, akaenda.

Kalibu, lile ganda la udongo la kumiminia shaba, ilikuwa imefukiwa mchangani mpaka shingoni, mdomo wazi. Chungu cha shaba kilikuwa bado tanurini, kinang'aa.

"Haa, mzazi kaja!" fundi akapiga kelele. "Umemletea mtoto uji?"

"Nimekuja kutazama tu, baba."

Binti akamvuta pembeni. "Mama, jamani, unaniaibisha. Kaa mlangoni."

"Wanasema ya nane..."

"Wanasema! Hao wanaosema wamewahi kushika nini cha moto zaidi ya simu?"

Mama akarudi mlangoni, lakini macho hayakutulia. Juu ya rafu zinapowekwa kalibu, ukuta ulikuwa na alama ya maji kutoka paani hadi chini. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

"Hii mmeikausha muda gani?"

"Zile saba tuliziweka motoni wiki nzima," binti akasema, sasa polepole. "Hii siku tatu. Mnunuzi anakuja saa sita, anataka kuiona ikitoka."

"Imekauka," fundi akakata. "Toa chungu!"

Chungu kikatoka kikining'inia kwenye mnyororo, binti ameshika mpini wake mrefu. Mama hakujua miguu yake ilimfikishaje pale. Aliinama juu ya kalibu achungulie, na papo hapo miwani yake ikaingia ukungu, asione kitu.

"Sogea, mama!" fundi akafoka. "Shaba haingoji maneno!"

"Miwani yangu, baba. Tazama."

"Ni joto tu hilo!"

"Joto kavu haliachi maji kwenye kioo. Nimepika miaka thelathini na tano, mvuke naujua."

Binti aliitazama miwani. Akamtazama fundi, mtu aliyemfundisha kila kitu. Mnyororo ukalia. Kisha akakirudisha chungu tanurini.

"Mwoga mkubwa!" Fundi akachota shaba kwa upawa wa chuma. "Tone moja tu, mwone wenyewe."

Tone likaingia. Kalibu ikakohoa, shaba ikaruka juu kama risasi na kutoboa bati la paa. Mkono wa shati la fundi ukashika moto. Binti akamwangusha mchangani, akamzima kwa aproni yake.

Fundi alikaa akiupuliza mkono uliobabuka.

"Mama," binti akasema, "ingekuwa chungu kizima je? Na mimi ningekuwa nimeinama pale pale."

Mnunuzi alipofika akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Akanuna, akaenda zake.

Kwa hiyo, wenye watoto kwenye kazi hii, wafikishieni haya:

Usimimine shaba kwenye kalibu iliyokauka nje tu. Weka kioo mdomoni mwa kalibu. Kikiingia ukungu, irudishe motoni.

Usiweke kalibu chini ya paa linalovuja.

Usimpe mnunuzi saa ya kuja kutazama.

Usijaribu kwa tone. Tone nalo linaunguza.

Usiiname juu ya mdomo wa kalibu, hata ukiwa mama yake mtu.

Usimwogope fundi kuliko moto.

Usiseme sanamu inakula watu. Sema kalibu ina maji, watu wakusikie.