Fomu ya Kitanda cha Sita

Wodini walimwita Sista Kalamu, na jina lilimkaa. Mwandiko wake ulisomeka hata na aliyesahau miwani nyumbani, faili zake hazikuwa na pengo, na wakaguzi walipokuja, Metroni aliwapeleka moja kwa moja kwenye kabati lake huku akijidai utadhani ameandika yeye. Sifa hizo zilimvimbisha kichwa kidogo. Tusimlaumu sana, nani asifiwe miaka kumi na minne asivimbe?

Ndiyo maana vidonda vilipozidi, yeye ndiye aliyejitokeza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza akilazwa upande mmoja muda mrefu, ngozi inabadilika rangi, nyama inakufa, na kabla hujajua ana kidonda cha kuingiza ngumi. Ndani ya miezi sita walipata wagonjwa wa namna hiyo kumi na mmoja. Sista Kalamu alitaka utaratibu ubadilishwe: wauguzi wawili wapite wodi nzima kila baada ya saa mbili, wamgeuze mgonjwa pamoja na kuweka sahihi palepale kitandani, badala ya kila mtu kugeuza wa kwake anapopata nafasi. Akatafuta ushahidi kwa bidii. Siku zake tatu za mapumziko ziliishia maktaba ya hospitali, akatoka na makala saba za hospitali nyingine, zote amezipigia mistari.

Metroni alizipitia, akazisukuma pembeni.

"Nzuri, lakini hizi ni za watu," alisema. "Kamati ya hospitali watakuuliza, na kwetu je? Niletee faili za hao kumi na mmoja. Tuone waligeuzwa mara ngapi na vidonda vilianza lini. Hapo hakuna wa kukupinga."

"Hilo tu, Metroni? Kesho kutwa utakuwa nazo."

Alitoka pale akitembea kwa madaha, maskini.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na mtunza faili alikuwa mzee aliyezoea kuongea na makabati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka! Unataka wazima au marehemu?"

"Wote, mzee."

"Wazima wako kule, wananijazia nafasi. Marehemu hawa hapa karibu. Hawanisumbui."

Akamwekea faili mezani. Sista Kalamu akachukua rula na daftari, akaanza kuhesabu. Fomu ya kugeuza ya mgonjwa wa kwanza ilikuwa imejaa: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Ya pili imejaa. Ya tatu hivyohivyo. Akaendelea mpaka ya mwisho. Zote kumi na moja zilijaa. Ukiziamini karatasi zile, hakukuwa na wodi iliyowageuza wagonjwa vizuri kama ile, na bado wakaoza.

Alijua sababu kabla hajataka kuijua. Wodini walikuwa na desturi yao waliyoiita kufunga siku. Mwenye zamu akiingia asubuhi, kabla hajagusa mgonjwa, anajaza fomu za kutwa nzima kwa mkupuo mmoja, ili mchana ukiwa mzito asije akasahau kuandika. Kugeuza kwenyewe kungefuata baadaye. Siku nyingine kulifuata kweli. Na aliyewafundisha wauguzi wapya kufunga siku alikuwa nani kama si yeye? Tena aliwaambia huo ndio uangalifu.

Akairudia faili ya kitanda cha sita, ya mke wa fundi cherehani. Daktari aliandika kwamba mama yule alifariki saa tisa na robo alasiri. Kwenye fomu ya kugeuza ya siku ileile paliandikwa: saa kumi, ubavu wa kushoto, saa kumi na mbili, ubavu wa kulia. Maiti ilikuwa imegeuzwa mara mbili, kwa mwandiko mzuri usio na doa, na sahihi ilikuwa ya Sista Kalamu mwenyewe.

Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Kisha akamkumbuka fundi mwenyewe, na hapo ndipo ilipomshika barabara. Siku mbili kabla ya kifo fundi alikuja wodini akamuuliza kwa upole, "Sista, mke wangu namkuta amelalia ubavu uleule aliolalia nilipomwacha asubuhi. Hivi anageuzwa?" Sista Kalamu hakwenda kitandani. Alichukua fomu akamwonyesha. Yule bwana akaisoma yote, akainamisha kichwa. "Nisamehe, sista. Nimewakosea," alisema. Naye akamjibu, "Si kitu, kaka yangu." Alimsamehe! Tena kwa ukarimu mkubwa.

Mzee alimwona ameshika tama.

"Kama kuna isiyokufaa, iache hapo," alimwambia. "Nitairudisha kabatini, na hakuna atakayeuliza."

Tusidanganyane, alilifikiria hilo, na kwa muda mrefu. Lakini hata bila ile moja, zilizobaki zingesema wagonjwa waligeuzwa na haikusaidia kitu. Kamati ingefunga mjadala siku hiyohiyo, na kina mama waliolala wodini sasa hivi wangeendelea kuoza huku kwenye karatasi wanageuzwa vizuri. Akazikusanya zote.

Metroni alizifungua moja baada ya nyingine, uso ukikunjamana.

"Mbona wote waligeuzwa? Sasa unataka tubadilishe nini?"

"Metroni, soma hapa saa aliyofariki. Halafu soma hapa."

Metroni akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Na hizi nyingine?"

"Za wenzangu. Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kujaza asubuhi. Usiwaulize wao, niulize mimi."

Metroni akazifunga faili moja moja. Labda aliwakumbuka wakaguzi na lile kabati.

"Basi ushahidi ndio huu," alisema mwishowe, bila furaha yoyote. "Nitaupeleka, na kamati ya nidhamu watakuita, sitakuficha. Ila faili ya marehemu haitoki bila ridhaa ya mumewe. Chukua fomu hii umpelekee."

"Metroni, hatuwezi kumtuma mtu mwingine—"

"Utaipeleka wewe."

Fundi alikuwa anapinda suruali alipomwona mlangoni. Akainuka haraka, akafuta kigoda kwa kitambaa. "Karibu sista, karibu sana! Siku nyingi!"

Ukaribisho ule ulimchoma kuliko matusi. Hakuketi. Alisimama akasema yote bila kuremba: fomu zilivyojazwa asubuhi, saa kumi, saa kumi na mbili, na kwamba siku ile fundi alipouliza, yeye sista mwenyewe hakujua kama mgonjwa aligeuzwa. Fundi alimsikiliza mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani, na cherehani haiendi.

"Hiyo saa kumi, mliandika mmemlaza upande gani?"

"Wa kushoto."

"Kidonda kilikuwa kushoto," fundi alisema. "Hata kwenye uongo mlimlalisha juu ya kidonda."

"Nisamehe," alisema Sista Kalamu, akamwekea kando ya cherehani fomu ya ridhaa ya kutoa faili.

Fundi akaisoma mpaka chini. "Nikikubali, hao walioko pale sasa watageuzwa?"

"Watageuzwa. Na sahihi itawekwa baada ya kugeuza."

Akaivuta fomu ya ridhaa, akaandika jina lake, akaweka sahihi na tarehe. Chini palikuwa na nafasi ya saa. Fundi akageuka kwenye kiti, akaitazama saa ya ukutani mpaka akaridhika, ndipo akaandika: saa tano na dakika kumi na saba. Sista Kalamu alikuwa amesimama mbele yake, na hakujua auweke wapi uso wake.